Mapenzi ya Wanaume Wawili Hayakuja Kamina kwa Treni

Hoja inayotawala haina haja ya kuelezwa kwa urefu, maana kila Mkongo amekwisha kuisikia. Inasema mwanaume kumpenda mwanaume ni tabia ya Ulaya; imeingia nchini kupitia miji mikubwa, simu za mkononi na fedha za mashirika; ukiuacha mji ukaingia kijijini huikuti. Husemwa mimbarini, redioni, bungeni Kinshasa, na katika vikao vya familia vinavyomjadili kijana aliyepitwa na umri wa kuoa. Kwa hoja hiyo, wakulima wawili wa Haut-Lomami waliopendana kwa upole, wakalima mahindi na mihogo pamoja, wakauguzana na kuzeeka, hawawezi kuwapo. Anayesimulia habari zao ametunga uongo au amelipwa.

Hoja hiyo haisimami. Inapingwa na historia ya Waluba, inapingwa na sheria ya Kongo, na inapingwa na maisha ya kijiji chenyewe. Na kwa kuwa inawaumiza watu wasio na mahali pa kujitetea, inastahili kujibiwa kipande kwa kipande.

Kamina ni mahali pazuri pa kuipimia. Mji huu ulikuzwa na reli. Mwaka 1928 kampuni ya BCK ilikamilisha njia ya kutoka Katanga hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, na Kamina ikawa kituo kikubwa. Baadaye njia ya kuelekea Kabalo na Kalemie ikaufanya mji kuwa njia panda. Baada ya Vita Kuu ya Pili Wabelgiji walijenga hapa kambi kubwa ya kijeshi. Tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, Kamina ni makao makuu ya Haut-Lomami. Lakini ukitoka stesheni kwa kinga, kama baiskeli inavyoitwa huku, hukanyagi pedali kwa muda mrefu kabla hujazungukwa na mashamba. Hapa kilichotoka mbali kinajulikana. Reli ilileta vitambaa, chumvi ya dukani, askari, mawakala wa kuajiri watu wa migodini na daftari za serikali. Mapenzi ya wanaume wawili hayakuwemo katika shehena hiyo.

Wanaosema mababu walijua mwanaume ni mwanaume na mwanamke ni mwanamke, basi, yakaishia hapo, hawajawasikiliza mababu wa Kiluba. Mfalme wa Kiluba alipofariki, makao yake yaligeuka kitenta, yaani kiti cha roho yake. Roho hiyo ilimshukia mwanamke, naye akaitwa Mwadi. Tangu hapo Mwadi alibeba cheo cha marehemu, alama zake za ufalme, maofisa wake, na hata wake zake. Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, katika kitabu chao cha 1996 kuhusu sanaa na kumbukumbu ya Waluba, wameeleza imani iliyokuwa chini ya desturi hiyo: kwamba mwili wa mwanamke pekee ndio wenye nguvu ya kuhifadhi roho nzito kama ya mfalme. Mwanamke akawa mfalme, akawa na wake, na nchi ikamheshimu.

Desturi ya Mwadi haithibitishi kwamba wafalme wa Kiluba walipenda wanaume wenzao, na makala haya hayadai hivyo. Inathibitisha jambo lingine, ambalo ni zito zaidi kwa mjadala huu. Utamaduni wa eneo hili ulikuwa na akili pana kuhusu nani anaweza kushika nafasi ya nani. Anayeusimamisha leo kama ukuta mmoja usio na mlango anaudogosha.

Ushahidi wa karibu zaidi unatoka kwa majirani. Mwaka 1959 na 1960 mwanaanthropolojia wa Kimarekani Alan Merriam aliishi katika kijiji cha Basongye, katika nchi ambayo leo iko ndani ya mkoa jirani wa Lomami. Katika aliyoyaandika mwaka 1971 alimweleza mtu aliyeitwa kitesha, mwanaume aliyekwepa kazi na mienendo iliyotarajiwa kwa wanaume. Wanakijiji walimsema na kumcheka. Lakini walimjua, walikuwa na jina lake, na waliishi naye jirani. Haya yalishuhudiwa kabla ya televisheni, kabla ya intaneti, na kabla shirika lolote la haki za binadamu halijafungua ofisi Katanga au Kasai.

Watetezi wengine hupenda kukimbilia habari za Azande wa kaskazini-mashariki mwa Kongo, ambao mwanaanthropolojia Evans-Pritchard aliandika juu ya askari wao waliooa vijana wa kiume na kuwalipia mahari. Habari hizo ni za kweli, lakini hazifai kuwa nguzo ya utetezi. Wale walikuwa watu wazima wenye mamlaka na vijana wadogo wasio na mamlaka, na hakuna mtu mwenye dhamiri atakayetaka mfano huo urudi. Upendo unaotetewa hapa ni wa watu wazima wawili, kila mmoja akiwa na hiari yake. Hauhitaji kuegemea fimbo mbovu.

Sasa sheria, maana hapa ndipo hoja ya ugeni inapomgeukia mwenye kuitoa.

Kanuni ya adhabu ya Kongo, inayotokana na amri ya mwaka 1940, haina kifungu kinachokataza mapenzi ya hiari kati ya watu wazima wa jinsia moja. Sababu yake ni ya kihistoria. Ubelgiji iliacha kuyaadhibu tangu ilipotawaliwa na Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18, kwa hiyo haikuwa na sheria kama hiyo ya kuipeleka koloni. Waingereza walikuwa nayo, nao waliisambaza. Waliiandika India mwaka 1860, wakaieneza katika makoloni yao, na leo inasomeka katika kifungu cha 155 cha Zambia, cha 154 cha Tanzania, katika kanuni ya adhabu ya Uganda, na vifungu vya 162 na 165 vya Kenya. Uingereza yenyewe ilianza kuifuta kwake mwaka 1967. Dereva wa lori anayevuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Katanga kuingia Zambia anahama kutoka nchi isiyo na adhabu hiyo kwenda nchi yenye adhabu iliyotungwa na wakoloni. Kama kuna kitu cha kigeni katika habari hii, ni jela.

Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika ibara ya 40 kwamba ndoa ni kati ya watu wa jinsia tofauti. Hilo liko wazi. Lakini katiba hiyohiyo, katika ibara ya 31, inamhakikishia kila mtu heshima ya maisha yake ya faragha. Watunga katiba waliamua nani anaweza kufunga ndoa mbele ya ofisa wa serikali. Hawakuamua nani anaweza kulala chini ya paa moja na nani. Wanaotaka ibara ya 40 isomwe huku ibara ya 31 ikifunikwa wanataka nusu ya katiba.

Nao wamejaribu. Mwaka 2010 muswada uliwasilishwa bungeni ukitaka kifungo kwa kile ulichokiita mambo yaliyo kinyume cha maumbile. Mwaka 2013 mbunge Steve Mbikayi akaleta mwingine. Yote miwili haikuwa sheria. Mwaka 2024 Constant Mutamba, waziri wa sheria wa wakati huo, aliwaelekeza waendesha mashtaka wawafungulie kesi watu wanaoshiriki mapenzi ya jinsia moja, ingawa hakuna kifungu kinachoyataja. Kinachobaki kutumika ni kifungu cha 176 kuhusu kuvunja maadili hadharani, na kifungu kipana namna hiyo kikishikwa na polisi mwenye njaa huwa mlango wa hongo. Anayekamatwa analipa ili jina lake lisifike nyumbani. Hapo maadili ya taifa hayakulindwa, mtu ameporwa.

Ni vyema pia kukumbuka chuki hii ilipandishwa wapi katika ukanda wetu. Machi 2009 wahubiri wa Kimarekani, Scott Lively akiwa mmoja wao, walifanya semina Kampala kuhusu walichokiita ajenda ya mashoga. Oktoba mwaka huohuo mbunge David Bahati aliwasilisha muswada wake katika Bunge la Uganda. Njia hiyo ilifika hadi sheria ya 2023, inayotaja adhabu ya kifo kwa makosa inayoyaita mazito. Burundi, ambayo kama Kongo haikuwa imerithi kutoka kwa Wabelgiji adhabu dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, iliianzisha kwa mara ya kwanza Aprili 2009. Upande wa pili, Rwanda haijawahi kuiweka, Msumbiji iliiondoa mwaka 2015, na Angola, jirani yetu wa magharibi na kusini, iliiacha nje ya kanuni yake mpya iliyoanza kutumika mwaka 2021. Na ilikuwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika kikao chake cha Luanda mwaka 2014, iliyopitisha azimio namba 275 la kuzitaka serikali ziwalinde watu dhidi ya ukatili unaotokana na wanayempenda. Luanda si Ulaya.

Kanisa ndilo ngome ya mwisho ya hoja hii, na Kamina ni mji wa makanisa. Ni jimbo la Kikatoliki. Pia ni makao ya eneo la kiaskofu la Katanga Kaskazini la Kanisa la United Methodist, ambalo shule zake, zahanati zake na wachungaji wake wameenea mkoa mzima. Kwa miaka mingi waumini wa kanisa hilo waliambiwa kwamba msimamo wa kukataa ni msimamo wa Afrika. Ukweli wa kumbukumbu ni mwingine: sentensi iliyosema mapenzi ya jinsia moja hayapatani na mafundisho ya Kikristo ilipigiwa kura Atlanta, Marekani, mwaka 1972. Mkutano mkuu wa Charlotte uliiondoa mwaka 2024. Katika mkutano huo, maneno yaliyoruhusu kanisa kuitaja ndoa kuwa ya mwanaume na mwanamke, au ya watu wazima wawili, yaliletwa ukumbini na mjumbe kutoka Zimbabwe, Molly Hlekani Mwayera. Mchungaji wa Kamina halazimishwi kufungisha ndoa asiyoikubali. Anachokosa ni kisingizio cha kusema Mwafrika hawezi kufikiri tofauti, maana Mwafrika amefikiri tofauti, akasimama, akapewa kipaza sauti.

Kwa Wakatoliki mambo ni hivyohivyo. Januari 2024 Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kwa niaba ya maaskofu wa Afrika, alikataa baraka kwa wapenzi wa jinsia moja zilizoruhusiwa na Roma mwezi mmoja kabla. Ni haki yao. Lakini siku chache kabla hajatua Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, Papa Fransisko alisema waziwazi kwamba kuwa shoga si uhalifu, na katika ndege akitoka Juba alirudia kwamba kuwaadhibu watu hao kwa sheria ni dhuluma. Katekisimu, kitabu ambacho kila katekista wa Kamina anakifahamu, inaagiza wapokewe kwa heshima na huruma. Padri anaweza kukataa kubariki na bado akakataa kumkabidhi mtu kwa polisi. Waumini wengi wamefundishwa nusu ya kwanza tu.

Ipo hoja moja ya wapinzani ambayo ina uzito, nayo ni ya uzazi. Mmisionari Mfransisko Placide Tempels, aliyefanya kazi kati ya Waluba wa eneo hili, alichapisha mwaka 1945 kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu, akiweka nguvu ya uhai katikati ya kila kitu. Mtu anaishi ili uhai upite kwake uende kwa wengine. Miaka ya 1950, huko Ruwe karibu na Kolwezi, mawazo yake yalizaa vuguvugu la Jamaa, lililoenea Katanga kwa Kiswahili, na nguzo zake zilikuwa tatu: uzima, uzazi na mapendo. Mpinzani atauliza: wanaume wawili wana uzazi gani?

Jibu limo ndani ya Jamaa yenyewe. Padri wa Jamaa hakuwa na mke wala mtoto wa damu. Aliitwa baba kwa sababu aliwalea watu katika imani, nao wakahesabiwa watoto wake. Katanga nzima ilielewa hilo bila kusita. Basi mwanaume anayelea watoto wa dada yake aliyefiwa, anayelipa ada za shule za wapwa, anayemtunza mama mzee hadi siku ya mwisho, ana uzazi wa kutosha kuketi barazani pamoja na wenzake. Vijiji vya Haut-Lomami vimejaa watoto waliolelewa na wajomba. Na nguzo ya tatu, mapendo, haikuwekwa pale kama pambo.

Kuna pia gharama ambayo watetezi wa uzazi hawaitaji. Kijana anayempenda mwanaume akibanwa na familia, huoa. Mahari hulipwa, mke huletwa, watoto huzaliwa, na nyumba hujaa ubaridi ambao mwanamke anadhani ni kosa lake. Anakwenda kwa mganga, anakwenda kwenye maombi, anatukanwa na wakwe. Uongo uliodaiwa na ukoo unalipiwa na binti wa watu. Anayesema anaitetea familia ya Kiafrika amwangalie mwanamke huyo kwanza.

Sasa kijiji. Wanaosema mapenzi haya hayapo huko hutoa ushahidi mmoja tu, kwamba hawajayasikia. Lakini mwanakijiji ni mtu wa kujua mengi na kusema machache. Anajua nani alimzaa nani, shamba la nani lilisogezwa mpaka, na nani hulala kwa nani. Wanaume wawili wakitembea wameshikana mikono Kamina, hakuna anayegeuka kuwatazama, kwa sababu ndivyo marafiki wanavyotembea. Wakijenga pamoja kambi ya uvuvi kwenye maziwa ya Upemba, ni washirika. Wakiishi nyumba moja, ni ndugu. Nafasi ya kupendana imekuwapo siku zote, ndani ya desturi zenyewe za urafiki wa wanaume. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuitaja.

Mwandishi wa riwaya angeweza kuanzia hapo bila kuagiza chochote kutoka mbali. Tuchukue wanaume wawili wa kubuni, wenye shamba kilomita chache kutoka kwenye reli. Ni mwezi wa Oktoba, mvua za kwanza zimenyesha, na ardhi lazima ilimwe kabla magugu hayajawahi. Mmoja anashikwa na malaria. Mwenzake anamfunga kwa kitenge kwenye kiti cha nyuma cha kinga ili asianguke, kisha anaisukuma kwa miguu njia yote hadi kituo cha afya, akisimama kila penye kivuli kumnywesha maji. Muuguzi anafungua daftari. "Papa, mgonjwa huyu ni nani wako?" Anajibu, "Ni ndugu yangu," na muuguzi anaandika. Jioni anarudi na bukari na dagaa kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa, anamlisha kwa mkono kwa sababu mgonjwa anatetemeka. Wanawake waliolaza watoto wodini wanamsifu kwa moyo wake. Hakuna aliyedanganywa katika kisa hicho isipokuwa daftari. Na mgonjwa akifa, ndugu wa damu watakuja kuchukua mabati na kinga, na aliyemsukuma njia yote hatakuwa na neno la kusema mbele ya chifu.

Kisa cha namna hiyo kikiandikwa leo, wapo watakaosema ni mwigo wa sinema za Marekani. Tarehe zinawakatalia. Hadithi ya Mmarekani Annie Proulx kuhusu wachunga kondoo wawili wa milima ya Wyoming ilichapishwa mwaka 1997. Mwaka huohuo Mohamed Camara wa Guinea alionyesha Cannes filamu yake Dakan, ya vijana wawili wa kiume wanaopendana na wazazi wao wanaoshindwa kuelewa. Na miaka zaidi ya 20 kabla ya hapo, mwaka 1976, V. Y. Mudimbe, mwana wa Likasi, alikuwa amekwisha kuweka mapenzi kati ya wanawake wawili katika riwaya yake Le Bel Immonde. Katanga ilikuwa imeandika habari hizi wakati Hollywood bado inazikwepa.

Kilicho karibu zaidi na kisa chetu si cha kubuni. Ni filamu ya hali halisi ya Pete Murimi wa Kenya, I Am Samuel, iliyotoka mwaka 2020 baada ya miaka mitano ya kupiga picha. Samuel ni mtoto wa shamba kutoka magharibi mwa Kenya. Baba yake ni mkulima na mhubiri. Samuel anafanya kazi za ujenzi Nairobi, anampenda Alex, na kila anaporudi nyumbani anashika jembe kando ya wazazi wanaomuuliza ataoa lini. Hakuna fedha za kigeni katika nyumba ile, wala klabu ya usiku. Kuna mahindi, ng'ombe, Biblia, na baba anayejitahidi kumwelewa mwanawe. Septemba 2021 bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku.

Miaka mitatu kabla, bodi hiyohiyo ilikuwa imeizuia Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya wasichana wawili wa Nairobi. Mahakama Kuu iliiruhusu kwa siku saba Septemba 2018, na watu walijaza kumbi. Kahiu ameeleza kwamba bodi ilimtaka abadilishe mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini mno. Jambo hilo linahitaji kutazamwa kwa makini, kwa kuwa linafichua kiini cha ugomvi wote. Habari za aibu, za kukamatwa, za kupigwa na umati, hupita redioni na magazetini kila wiki bila kuzuiwa. Kinachozuiwa ni upole. Watu wawili wa jinsia moja wanaruhusiwa kuonekana wakilia, wakitubu au wakifa. Wakionekana wanacheka juu ya sahani moja, hapo ndipo mkasi unapotolewa. Hoja ya kwamba jambo hili ni tamaa tupu inaweza kuishi tu kama hakuna anayeruhusiwa kuonyesha kinyume chake.

Serikali ya Kongo yenyewe haiamini kwamba watu hawa hawapo. Mpango wa taifa wa kupambana na UKIMWI, PNMLS, unawataja wanaume wanaolala na wanaume wenzao kati ya makundi ya kufikiwa na huduma. Bukavu kuna chama chao kiitwacho Rainbow Sunrise Mapambazuko. Dola haiwezi kuwahesabu asubuhi kwenye jedwali la dawa, kisha jioni ikasema ni uvumi wa Wazungu. Na mtu anayejua kwamba kutaja maisha yake kutamfikisha kwa polisi hatakwenda kituo cha afya hata akiwa mgonjwa. Huo ni mwenendo wa binadamu yeyote, awe Kinshasa au Kabongo.

Kinachodaiwa hapa ni kidogo kuliko kinachoogopwa. Hakuna anayeomba ibara ya 40 ifutwe kesho, wala padri alazimishwe kubariki asichokiamini. Kinachoombwa ni kwamba kifungu cha 176 kisitumike kuwapora watu waliojifungia nyumbani kwao. Redio za Kamina ziwape wanaume hawa na wazazi wao dakika zile zile zinazowapa wanaowalaani. Mchungaji na katekista wafundishe pia kurasa za huruma. Waandishi wa Katanga waandike hadithi hizi kwa Kiswahili, wawape wahusika wao shamba, njaa, mvua na uzee, wasiwape tu kesi na mazishi. Na muswada mwingine utakapofika Kinshasa, kama ilivyokuwa 2010 na 2013, wapiga kura wa Haut-Lomami wamuulize mbunge wao adhabu hiyo ameitoa katika desturi ipi ya Kiluba, atamfunga mpwa wa nani, na nani atalima shamba la mama wa kijana huyo wakati yuko gerezani.